Skrini pana na HD: kilichoyasumbua matangazo ya mubashara hakikuwa kamera

Ukimuuliza mtu jinsi runinga ilivyobadilika, atakujibu kwa mkato: tulitoka analojia tukaingia dijitali, tukapata HD, yaani picha ya ukali wa juu. Jibu hilo limefunga pamoja mambo matatu ambayo kila moja lilikwenda safari yake. Kuna umbo la picha, lililotoka 4:3, picha inayokaribia mraba, likaenda 16:9 iliyo pana. Kuna ukali wa picha, yaani wingi wa nukta zinazoiunda. Na kuna njia ya kuifikisha kwa mtazamaji, kama ni kwa mawimbi ya analojia au kwa tarakimu, yaani dijitali. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Uingereza ilirusha picha pana ya dijitali kuanzia 1998 na ikangoja hadi 2006 kuanza HD. Japani, kwa upande wake, ilirusha HD ya analojia angani wakati dijitali ilikuwa bado iko maabara. Hata leo king'amuzi kinaweza kuwa cha dijitali kabisa na picha yake isiwe HD.

Kwa kazi zilizorekodiwa, mkanganyiko huu haukuumiza sana. Filamu ya milimita 35 hubeba undani mwingi kuliko HD, hivyo kazi ya zamani iliweza kupitishwa upya kwenye skana ikatoka kali. Mechi haina nafasi hiyo, wala kuapishwa kwa rais, wala kurushwa kwa chombo cha angani. Picha inatoka kwenye lenzi na baada ya sekunde chache iko kwa mtazamaji, na kila kifaa kilicho katikati lazima kielewane na kinachofuata. Sioni kwamba kamera ndizo zilizochelewesha mambo, maana kamera nzuri za HD zilikuwepo mapema. Kilichochelewesha ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi picha moja ya mubashara ilitakiwa kuhudumia skrini za aina mbili kwa wakati uleule, na mwenye skrini ya zamani ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Umbo la 16:9 lilivyopatikana

Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza utafiti wa televisheni kali mara baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Wahandisi wake hawakuanza na vifaa, walianza na macho ya watu: mtazamaji akae umbali gani, na picha ijaze kiasi gani cha upeo wake, ndipo ahisi yuko mahali pa tukio? Jibu walilolipata ni kukaa umbali wa kama mara tatu ya kimo cha skrini, picha ikijaza nyuzi 30 hivi za upeo wa macho. Ukisogea karibu namna hiyo na picha ya zamani, iliyochorwa kwa mistari 525 ya mlalo, utaiona mistari yenyewe. Ndiyo maana walifika kwenye mistari 1125. Upana na ukali vilizaliwa kwa hoja moja: huwezi kuipanua picha na kumsogeza mtazamaji karibu bila kuongeza undani.

NHK hapo mwanzo walitumia umbo la 5:3. Umbo la 16:9 lilikuja katikati ya miaka ya 1980, likitoka kwa mhandisi wa Marekani, Kerns Powers, aliyekuwa kwenye kikundi kazi cha chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, SMPTE. Alichora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, kuanzia 4:3 ya televisheni hadi 2.35:1 ya sinema pana, akaipa yote eneo sawa, kisha akaipanga juu ya kitovu kimoja. Fremu ya nje iliyoweza kuimeza yote ilikuwa na uwiano wa karibu 1.77. Eneo la ndani ambalo mistatili yote ililichangia nalo likawa na uwiano uleule. Kwa hiyo 16:9 haikuchaguliwa kwa uzuri wake machoni. Ni suluhu: umbo linalopoteza kidogo bila kujali unaweka nini ndani yake. Naona ni moja ya maamuzi bora ya kihandisi katika historia ya televisheni, kwa sababu tangu mwanzo lilikubali kwamba maumbo tofauti yangelazimika kuishi pamoja.

Majaribio ya analojia na kwa nini yalikwama

Mwaka 1989 Japani ilianza kurusha HD kwa setilaiti, saa moja kwa siku, kwa mfumo ulioitwa MUSE. Ili kuiingiza picha hiyo kubwa kwenye nafasi ndogo ya masafa, MUSE ilituma undani kwa awamu: sehemu ya picha iliyotulia ilijengwa taratibu ikawa kali sana, lakini kitu kilichosogea kilipoteza undani wake. Kwa mandhari ya milima ilikuwa ajabu. Kwa mchezo wa mpira, ambamo kila unachotaka kukiona kinakimbia, udhaifu ulikuwa palepale machoni.

Ulaya nayo ilijenga mfumo wake, HD-MAC, wenye mistari 1250, ukaonyeshwa kwenye Olimpiki za 1992, ya baridi kule Albertville na ya kiangazi kule Barcelona. Muda si mrefu ukaachwa. Sababu ilitoka Marekani, ambako mwaka 1990 kampuni ya General Instrument ilionyesha kwamba HD inaweza kurushwa kwa tarakimu tupu na ikaingia kwenye chaneli ya kawaida. Kampuni zilizokuwa zikishindana zikaungana mwaka 1993, na Desemba 1996 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikapitisha mfumo wa dijitali wa ATSC. Chaneli moja ya megahezi 6 ilibeba megabiti 19.39 kwa sekunde. Tarehe 29 Oktoba 1998 mwanaanga John Glenn aliporudi angani akiwa na umri wa miaka 77, kuruka kwa chombo chake kulirushwa mubashara kwa HD kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Waliokuwa na skrini ya kuipokea walikuwa wachache mno.

Picha moja, skrini mbili

Hapa ndipo penye uzito wa habari yote, basi tupige hesabu polepole.

Fremu ya HD ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Runinga ya chogo ina umbo la 4:3, na kwa kimo cha 1080 umbo hilo linahitaji upana wa 1440 tu. Ukiamua kuijaza skrini ya zamani, unakata nukta 240 kila upande. Robo nzima ya picha inatupwa. Ukiamua usikate chochote, unaibana picha nzima iingie kwa upana na kuacha utepe mweusi juu na chini, na hapo ndipo mistari 576 ya runinga ya Ulaya inabaki 432 yenye picha. Robo imepotea tena, safari hii ni robo ya ukali. Na ukimwachia mtazamaji, ataivuta picha ijae, na nyuso zitanenepa kwa theluthi moja au kukondeana kama mishumaa.

Sasa fikiria kona. Mpigaji yuko kwenye kibendera upande wa kushoto, goli liko kulia. Kwenye 16:9 kamera kuu inawashika wote wawili kwenye picha moja: mpigaji, msongamano wa wachezaji, kipa, na hata mchezaji aliyejificha nyuma akisubiri mpira wa pili. Kwenye skrini iliyokatwa pande zote, mpigaji hayupo. Mwongozaji wa picha alijua hivyo, na alijua pia kwamba wengi wa watazamaji wake wana skrini ya namna hiyo. Basi mpiga picha aliambiwa aweke kila kitu cha maana ndani ya mistari miwili iliyochorwa kwenye kioo chake cha kutazamia, na sehemu ya pembeni ibaki ya nyasi na mashabiki. Mtu aliyenunua skrini pana aliona picha pana kweli, ila upana wake haukuwa na kazi.

Maandishi ndiyo yaliyofichua jambo hili waziwazi. Tazama mechi yoyote ya HD ya miaka ile na utaona kisanduku cha matokeo hakiko kwenye kona ya skrini. Kimeingia ndani, kinaelea juu ya uwanja kana kwamba mtu alikisahau pale. Kimewekwa kwenye kona ya fremu ya 4:3 isiyoonekana, ili kisikatwe kwa mwenye runinga ya chogo. Kuna mtu aliyekaa ndani ya gari la matangazo, ile studio ya magurudumu inayoegeshwa uwanjani, akikipanga hapo kwa makusudi, akijua kwamba kinaharibu picha ya yule mwenye skrini mpya.

Uingereza ilijaribu njia ya kati iitwayo 14:9. Kwa mtazamaji wa analojia walikata kidogo pembeni na kuacha utepe mwembamba mweusi juu na chini. Kwa hesabu za HD hiyo ni nukta 120 kila upande badala ya 240. Hakuna aliyeridhika kabisa, na hakuna aliyekasirika sana. Kwa mpira naona ilikuwa suluhu ya heshima. Baadaye ikaja alama ndogo ya dijitali inayosafiri ndani ya picha na kukiambia kifaa kinachofuata: hii ni pana, ioneshe nzima, au hii kata pembeni. Alama hiyo, ijulikanayo kama AFD, ndiyo iliyowawezesha warushaji kuacha kukata. Mwaka 2010 Fox ya Marekani iliitumia kuwapelekea watazamaji wa skrini za zamani michezo yake ikiwa nzima, na tepe nyeusi juu na chini. Hapo ndipo kisanduku cha matokeo kilipopata ruhusa ya kwenda kwenye kona halisi, na mwongozaji akapata ruhusa ya kuutumia upana wote.

Umbo kwanza, au vyote kwa pamoja?

Marekani ilibadilisha umbo na ukali kwa mkupuo. Matokeo yake ni kwamba mwanzoni tukio moja lilihitaji magari mawili ya matangazo. Mtandao wa ABC ulirusha mpira wa Kimarekani wa Jumatatu usiku kwa HD katika msimu wa 1999, kukiwa na gari la HD na kikosi chake kando ya gari la kawaida, kamera za aina mbili zikitazama mchezo mmoja. Gharama haikubebeka. HD ikaondolewa kwenye kipindi hicho na haikurudi hadi 2003, mwaka uleule ESPN ilipofungua chaneli yake ya HD.

Ulaya, baada ya kuumwa na HD-MAC, ilibadilisha umbo kwanza. Vikosi vya mubashara vilizoea 16:9 kwa vifaa vya ukali wa kawaida, na walipoletewa kamera za HD waongozaji na wapiga picha hawakuwa na jipya la kujifunza kuhusu fremu. Kuchelewa huko kulileta faida nyingine kubwa. Marekani ilikuwa imefungwa na mfumo wa kubana picha wa MPEG-2 wa miaka ya 1990. Walioanza 2006 waliukuta H.264, uliokamilika 2003, ambao hutoa picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya data.

Kilichotatua suala la magari mawili hatimaye kilikuwa rahisi: tengeneza kila kitu kwa HD, kisha shusha ubora wakati wa kumpelekea mwenye skrini ya zamani. Na hapo ikaonekana kitu ambacho wengi hawakukitarajia, kwamba picha ya kawaida iliyoshushwa kutoka HD ilikuwa nzuri kuliko ile iliyopigwa kwa kamera ya kawaida tangu mwanzo. Mwenye runinga ya chogo naye akafaidika.

Nukta nyingi, au fremu nzima?

FCC ilikataa kuchagua aina moja ya HD. ABC na Fox zikachukua 720p, CBS na NBC zikachukua 1080i. Mabishano yake hayajaisha hadi leo, na mengi yanatokana na kutokupiga hesabu.

Mfumo wa 1080i hautumi fremu nzima. Hutuma mistari isiyo shufwa, kisha iliyo shufwa, kila nusu ikiwa na nukta 1920 kwa 540, yaani 1,036,800. Mfumo wa 720p hutuma fremu nzima ya nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600, mara zilezile kwa sekunde. Kiasi cha data kinakaribiana. Tofauti iko kwenye mwendo. Mpira ukiruka kasi, nusu mbili za 1080i hunasa sehemu mbili tofauti, na skrini bapa, ambazo haziwezi kuonyesha nusu picha kama chogo lilivyofanya, hulazimika kubahatisha zikiziunganisha. Kwa uwanja uliotulia, 1080i hushinda. Kwa mchezaji anayekimbia, mimi nachagua 720p bila kusita, na Muungano wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, uliwahi kuipendekeza kwa kurushia matangazo. Mitandao mingi ilichukua 1080i hata hivyo. Namba kubwa huuzika kirahisi.

Ndani ya gari la matangazo

Ishara ya picha ya kawaida ya dijitali hupita kwenye waya kwa megabiti 270 kwa sekunde. Ya HD ni gigabiti 1.485, zaidi ya mara tano. Kwa hiyo waya wa kamera wa zamani ukatoa nafasi kwa nyuzi za kioo, na mchanganya picha, mashine za marudio na za maandishi vyote vikabadilishwa. Hiyo ni fedha tu.

Fokasi lilikuwa jambo gumu zaidi. Mpiga picha wa mubashara hukaza fokasi mwenyewe, akimfuata mchezaji anayekuja kwake mbio, huku akitazama kioo kidogo kisichoonyesha undani wote wa HD. Kwenye ukali wa kawaida, kosa la nusu hatua halikuonekana. Kwenye HD, katika skrini ya inchi 40, linaonekana wazi: macho ya mshambuliaji yana ukungu na nyasi nyuma yake zimechongeka moja moja. Watengenezaji wakaongeza mistari ya kung'arisha kingo za kitu kilicho kwenye fokasi, na hata hivyo wapiga picha wazoefu walilazimika kujifunza upya kazi waliyoifanya maisha yao yote. Nawaheshimu sana kwa hilo, maana lawama walizipata wao, si kioo.

Sauti nayo ilianza kutangulia picha. Kila kifaa kinachochakata picha huishika kwa fremu moja au zaidi, na kwenye mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Pitisha picha kwenye kamera isiyo na waya, kifaa cha kulinganisha saa, kibadilisha ukali na skrini bapa, na midomo itaanza kusogea baada ya maneno kusikika. Mapendekezo ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, yanasema mtu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hagundui hadi ifike kama 125. Akili zetu zimezoea kuchelewa kwa sauti: mtu akipiga makofi umbali wa mita 34, sauti hutufikia sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mikono kukutana. Hakuna kitu duniani kinachosikika kabla ya kutokea. Kwa hiyo mafundi sauti, ambao zamani picha haikuwahusu sana, wakapewa kazi ya kuichelewesha sauti yao makusudi, kwa kiasi tofauti kwa kila kamera.

Na mwisho wa njia kuna kubana. Gigabiti 1.485 lazima ziingie kwenye megabiti 19 au pungufu, zaidi ya mara 70, na mashine ya mubashara haina ruhusa ya kurudi nyuma ikajaribu tena kama inavyofanya ya filamu. Ndiyo maana bingwa anaponyanyua kombe na karatasi za rangi zikamwagika, picha ambayo ilikuwa safi kwa dakika 90 inavunjika ghafla kuwa vigae. Kila kipande cha karatasi kinakwenda njia yake, na mashine haina cha kukibashiri.

Ilipogeuka kuwa kawaida

Kombe la Dunia la 2006 kule Ujerumani lilitengenezwa lote kwa HD, na Olimpiki ya Beijing ya 2008 ikafuata. Kuanzia hapo HD ndiyo ikawa chanzo, na picha ya kawaida ikawa nakala. Kuzimwa kwa analojia kulikuja kwa ratiba yake: Marekani 12 Juni 2009, sehemu kubwa ya Japani 24 Julai 2011, na kwa Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliweka kikomo cha 17 Juni 2015. Kuzima analojia hakukumpa mtu HD. Kulifungua masafa, na ni hapo chaneli nyingi zilipopata nafasi ya kuirusha.

Hatua iliyofuata, 4K, ina nukta mara nne ya HD lakini umbo ni lilelile la 16:9, na waongozaji walishukuru. Mvutano wa sasa upo kwenye mwanga, maana jua na kivuli cha jukwaa kwenye skrini yenye uwezo mpana wa mwanga si sawa na kwenye ya kawaida, na mara nyingi ni kikosi kimoja kinachohudumia zote mbili. Simu nayo imeleta suala la umbo kwa upande wa pili kabisa. Mtazamaji anayeishika wima anataka 9:16, na ukiikata kutoka kwenye fremu ya nukta 1920 unabaki na takriban 608. Zaidi ya theluthi mbili zimekwenda. Baadhi ya warushaji wanaiachia programu ya kompyuta ifuate mpira ndani ya picha pana, wengine wanaweka kamera za pekee zilizosimamishwa wima. Hao wa pili wanarudia gharama ya magari mawili, na kwa mchezo wa kasi sijaona bado njia iliyo bora kuliko yao.